Uvimbe Ndani ya Mji wa Mimba

Kuna ugonjwa ambao wanawake wengi wa Bunia huuficha. Damu ya mwezi hutoka siku nyingi kupita desturi, mwili hulegea, tumbo hufura kama la mja mzito, lakini mtoto haonekani. Majirani hunong'ona habari za uchawi. Jamaa za mume, waliokwisha kutoa ng'ombe wa mahari, huanza kusema arudishwe kwao. Kumbe ni uvimbe wa nyama uotao katika ukuta wa mji wa mimba. Madaktari huuita fibromu. Waweza kuwa mdogo kama haragwe au mkubwa kama kichwa cha mtoto, nao si kansa.

Wengi huogopa hospitali, kwa kuwa wamesikia kwamba daktari atautoa mji wa mimba wote. Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1853, mjini Lowell, Marekani, daktari Walter Burnham alimpasua mwanamke akidhani atakuta uvimbe wa kifuko cha mayai. Mgonjwa akatapika, na mji wa mimba wenye fibromu ukatokeza nje, hata haukurudishika. Akaukata. Mwanamke huyo akapona, lakini wengi aliowapasua baadaye walikufa. Hata hivyo njia yenyewe ilishika, na upasuaji ulipokuwa salama zaidi ikawa desturi: fibromu ikiwa kubwa, mji wote hutolewa.

Na huku kwetu? Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alikuwa Kahura katika Bunyoro, ng'ambo ya Ziwa Albert. Aliona mganga wa nchi akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Alileweshwa kwa pombe ya ndizi. Mikono na tumbo vikaoshwa kwa pombe hiyo hiyo. Damu ikazuiwa kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, mji wa mimba ukaachwa mahali pake, na mama akapona. Hapo hapakuwa na fibromu, lakini twaona kwamba mji wa mimba ukipasuliwa huweza kupona.

Aliyeshika sana jambo hilo ni Victor Bonney wa London. Mke wake mwenyewe alitolewa mji wa mimba kwa ajili ya fibromu, wasipate mtoto kamwe. Bonney akajizoeza kuchomoa fibromu moja moja na kushona mahali pake, akibana mishipa ya damu kwa koleo alilolibuni. Mwanamke mmoja alimtoa 225! Sisi twadhani huzuni ya nyumbani ilimfundisha kuliko vitabu.

Basi mwenye dalili hizo na apimwe kwa ekografia, hapa Bunia au Nyankunde, ambako hospitali iliharibiwa katika shambulio la Septemba 2002 ikainuliwa tena. Fibromu isiyosumbua huachwa, nayo hunywea damu ya mwezi ikiisha kukoma. Aliyepungukiwa damu huongezewa nguvu kwanza kwa vidonge vya madini ya chuma. Anayetaka mtoto aulize waziwazi: "Daktari, waweza kuutoa uvimbe na kuuacha mji?" Mara nyingine haiwezekani, damu ikizidi mno, hapo kuutoa mji ni kuokoa uhai. Naye aliyechomolewa uvimbe, akichukua mimba, asizalie nyumbani, maana kovu laweza kupasuka wakati wa uchungu.