Redio ya Nangani, si Redio ya Maharamia

Mwezi uliopita nilirudishiwa makala yangu kuhusu meli iliyogeuzwa studio kule Harwich, Uingereza. Kila nilipoandika "redio ya nangani", wino mwekundu ulikuwa umepita, na juu yake pameandikwa "redio ya maharamia". Pembeni palikuwa na maneno matatu: "istilahi ya kamati". Sikuulizwa wala sikuelezwa. Baada ya miaka yote niliyoishughulikia lugha hii, nadhani nilistahili kupewa hoja, si muhuri. Yangu ni hii.

Haramia ni nani? Neno limetujia kutoka Kiarabu, kwenye shina lilelile la haramu. Harami ni mwizi, haramiya ni wezi. Sisi tuliupokea wingi wao tukaufanya umoja, kisha tukauongezea ma- yetu. Maana ilibaki: mnyang'anyi, hasa wa baharini. Na kwa mtu wa pwani hilo si neno la hadithi. Septemba 2008 maharamia waliiteka MV Faina ikiwa njiani kuja Mombasa na vifaru 33. Waliiachia Februari 2009. Pasaka ya mwaka huohuo, BBC Essex ilirusha matangazo kutoka melini Harwich kuadhimisha miaka 45 ya Radio Caroline. Kamati inataka neno moja lichukue yote mawili, waliowashikia mabaharia bunduki na waliopiga santuri.

Waliokumbukwa Harwich walifanya nini hasa? Radio Caroline ya Ronan O'Rahilly ilianza kusikika Pasaka ya 1964 kutoka meli iliyotia nanga mashariki ya Uingereza, nje ya maili tatu za maji yake. Iliwapigia vijana muziki ambao BBC iliupa nafasi finyu. Sheria za nchi kavu hazikuifikia pale, ndiyo maana Bunge lilitunga nyingine, ikaanza kutumika usiku wa manane wa kuamkia 15 Agosti 1967. Iliwakataza Waingereza kuzifanyia kazi redio za namna hiyo, kuzipelekea mahitaji na kuzipa matangazo ya biashara. Radio London, nayo ya melini, ilizima mitambo yake saa tisa alasiri, saa kadhaa kabla ya sheria kuanza. Haramia gani huondoka kabla amri haijamfikia? Najua wenye santuri walilalamikia malipo, na wenye masafa wakalalamikia kuingiliwa. Hayo ni mambo ya deni na kibali. Uharamia ni kitu kingine.

Waingereza wamelilea neno lao, pirate, mpaka likawa la fahari, hata shirika la umma likayaita matangazo yale Pirate BBC Essex. Hiyo ni safari ya neno lao. La kwetu halijaifanya.

Wapo pia wanaopendekeza "redio isiyo rasmi". Hao wameitupa bahari yote. Redio isiyo rasmi yaweza kuwa chumbani Kariakoo.

Sasa nanga. Wengi hulihusisha neno hili na langar la Kiajemi, lililokuja na vyombo vya pepo za kaskazi, na Kiswahili kimelitumia hadi nchi kavu: mashindano yang'oa nanga, kampeni zang'oa nanga. Redio hizi, kinyume chake, zilianza kwa kutia nanga. Tena huko Bukoba, kwa Wahaya, nanga ni ala ya nyuzi, na Rwanda na Burundi kuna inanga. Asili ni mbili tofauti, najua, lakini ni neno gani jingine la Kiswahili linaloweka chuma cha meli na muziki katika silabi mbili?

Simama Ocean Road, Dar es Salaam, alfajiri. Meli zinazongoja gati zimelala kule nje, mnyororo umekakamaa, omo imegeukia maji yanakotoka. Muulize mvuvi yeyote ziko wapi, atakujibu: nangani. Hapo ndipo redio zile zilipoishi. Mi Amigo ya Radio Caroline ilizama Machi 1980 ikiwa kazini, katika mawimbi ya pwani ya Essex. Na meli ya kumbukumbu pale Harwich, LV18, ni meli ya taa, ambayo tangu mwanzo haikuwa na injini ya kuisafirisha. Ilivutwa, ikatiwa nanga, ikakaa. Kuiita ya maharamia ni kuisingizia.

Matumizi ni mepesi: redio ya nangani, mtangazaji wa nangani, matangazo ya kumbukumbu ya redio ya nangani.

Wahariri wenzangu, Ross Revenge ya Radio Caroline bado imetia nanga katika mto Blackwater, Essex, nayo mtaiandika tena. Mtakapoiandika, nawaomba muache wino mwekundu mezani na muiite kwa mahali ilipo.