Lew Allen

Lew Allen Jr. (30 Septemba 1925 – 4 Januari 2010) alikuwa jenerali wa nyota nne wa Jeshi la Anga la Marekani na mwanafizikia wa silaha za nyuklia. Aliongoza Shirika la Usalama wa Taifa (NSA) kuanzia 1973 hadi 1977, akawa Mkuu wa Jeshi la Anga 1978–1982, kisha akavua magwanda na kushika uongozi wa Jet Propulsion Laboratory (JPL), maabara ya vyombo vya anga huko California. Kazi yake kubwa aliifanya gizani, lakini jina lake lilijulikana kwa mara mbili alizosema ukweli mbele za watu.

Ujana na masomo

Alizaliwa Miami, Florida, akamaliza sekondari Gainesville, Texas, mwaka 1942. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1946 akiwa luteni usu na rubani. Alipangiwa kambi ya Carswell, Texas, akirusha B-29 na baadaye B-36, madege yaliyoandaliwa kubeba mabomu ya atomiki. Mwaka 1950 jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Illinois, akatoka na uzamili (1952) na uzamivu (1954) wa fizikia ya nyuklia.

Fizikia ya mabomu

Miaka mitatu alikuwa katika maabara ya Los Alamos, New Mexico, katika kitengo cha majaribio, akipima milipuko ya Nevada na ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1957 alihamia kambi ya Kirtland, na huko ndiko alikopata swali lililomfaa: bomu likilipuka juu kabisa, kule ambako hewa imekwisha, kunatokea nini?

Jibu lilitafutwa kwa mradi wa Argus. Agosti na Septemba 1958 Marekani ililipua kwa siri mabomu madogo matatu juu ya Atlantiki ya Kusini, yakirushwa kwa roketi kutoka meli ya Norton Sound. Mwanafizikia Nicholas Christofilos alikuwa amedai kwamba elektroni za mlipuko zingenaswa na uga wa sumaku wa dunia na kuizunguka sayari nzima. Allen aliongoza kisayansi upimaji uliofanywa kwa roketi nyingi zilizorushwa mbali na eneo la milipuko ili kuzisaka elektroni hizo. Zilionekana kweli, ila mkanda ziliouunda ulikuwa dhaifu na ulififia baada ya majuma machache.

Satelaiti za ujasusi

Kati ya 1965 na 1973 alishughulikia satelaiti za kupiga picha za siri. Kuwapo kwa ofisi iliyozisimamia kulikiriwa hadharani mwaka 1992 tu.

Mbele ya Seneti

Tarehe 29 Oktoba 1975 Allen aliketi mbele ya kamati ya Seneta Frank Church iliyochunguza mashirika ya ujasusi, akawa mkurugenzi wa kwanza wa NSA kutoa ushahidi hadharani, miaka 23 tangu shirika lianzishwe. Alikiri kwamba NSA ilikuwa na orodha ya majina ya raia wa Marekani, wakiwamo wapinzani wa vita vya Vietnam, ambao mawasiliano yao ya kimataifa yalinaswa bila kibali cha mahakama. Mpango huo, Minaret, ulisitishwa mwaka 1973, muda mfupi baada ya yeye kuingia ofisini. Nyaraka zilizofunguliwa mwaka 2013 zilionyesha kuwa katika orodha walikuwamo Martin Luther King, Muhammad Ali, na Frank Church mwenyewe. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalazimisha majasusi kuomba kibali mbele ya mahakama maalumu.

Mkuu wa Jeshi la Anga

Mwezi Juni 1982, siku chache kabla ya kustaafu, alitangaza kuundwa kwa Kamandi ya Anga za Juu.

JPL na kioo cha Hubble

Chini ya uongozi wa Allen huko JPL, chombo cha Voyager 2 kilipita Uranusi (Januari 1986) na Neptuni (Agosti 1989), navyo vyombo vya Magellan na Galileo vikaondoka kuelekea Zuhura na Mshtarii.

Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990, na baada ya wiki chache ikabainika kuwa haioni sawasawa. NASA ilimkabidhi Allen tume ya uchunguzi. Tume ilikwenda Danbury, Connecticut, kiwandani kilipochongwa kioo chenye upana wa mita 2.4, ikakuta kifaa cha kupimia umbo lake bado kimesimama vilevile kilivyoachwa. Lenzi moja ya kifaa hicho ilikuwa imekaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kifuniko cha ufito uliotumika kupima mahali pa lenzi hiyo, mwanga ukarudi kutoka kwenye chuma badala ya ncha ya ufito, na mafundi, walipoona lenzi haifiki, wakaongeza washa (vipande bapa vya chuma). Kioo kikachongwa kwa ustadi mkubwa kufuata kipimo kibovu, kingo zake zikazidi ubapa kwa mikromita 2, kama sehemu ya 50 ya unene wa unywele.

Linaloumiza zaidi katika ripoti ya Novemba 1990 ni kwamba vipimo vingine viwili viliionyesha kasoro hiyo, vikapuuzwa kwa kudhaniwa duni. Kwa kuwa ukubwa wa kosa ulijulikana barabara, wanaanga waliweza kufunga vioo vya kulirekebisha Desemba 1993.

Miaka ya mwisho

Alistaafu JPL mwisho wa 1990, akafariki Virginia akiwa na umri wa miaka 84. JPL hutoa tuzo yenye jina lake kwa watafiti chipukizi.