Nani Aukague Uwanja wa Watoto?

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaitumia kwa nyumba na kwa tabia za watu; bali leo yafaa tuitumie kwa mahali panaposahauliwa sana, yaani uwanja wanapochezea watoto. Ni nani aukague? Na mtu akiona ufa, amwambie nani? Maswali haya yana historia yake, tena sehemu kubwa ya historia hiyo ilitukia hapa kwetu, katika milima ya Uluguru.

Kujihadhari kwa ajili ya wengine si jambo la kizungu wala la jana. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, twaona mwenye kujenga nyumba ameamriwa kuizungushia dari yake ukingo, asije akawa na hatia ya damu ya mtu aliyeanguka. Na katika vijiji vya babu zetu watoto walicheza mbele ya nyumba, na kila mzee aliyeketi barazani alikuwa mlinzi wao. Lakini reli ilipofika Morogoro mwaka wa 1907, mji ulianza kukua. Watoto wa koo nyingi wakakusanyika katika uwanja mmoja, na uwanja wa wote ukawa kama hauna mwenyewe.

Jambo hili liliwapata na wenzetu wa mbali. Mwaka wa 1885, katika mji wa Boston, Marekani, mchanga ulimwagwa katika ua wa kanisa dogo la mtaa wa Parmenter ili watoto wa maskini wapate kucheza. Shauri lilitoka kwa mganga mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, aliyeona mambo kama hayo Berlin. Baadaye miji ilisimamisha bembea na ngazi za chuma juu ya ardhi ngumu, na watoto wengi wakaumia. Hata mwaka wa 1981 serikali ya Marekani ikatoa kitabu cha mashauri juu ya usalama wa viwanja hivyo. Fundisho lake kubwa ni jepesi: mtoto huumia zaidi kwa kuanguka, kwa hiyo itazame kwanza ardhi iliyo chini yake, kama ni laini au ni ngumu.

Sasa turudi kwetu. Katika milima hii neno mkaguzi lina uchungu wake. Kuanzia mwaka wa 1950 serikali ya Kiingereza ilikuwa na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba ya mteremko. Kazi yao ilikaguliwa, na wasiotii walitozwa faini. Hofu ya kwamba udongo unachukuliwa na maji haikuwa ya uongo. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na mahali pengi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Wenye mashamba walilijua jambo hilo wakalisema, wala hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ule ukaachwa.

Je, kwa kuwa wakaguzi walichukiwa, na hatari nayo ilikwisha? Hata kidogo. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha upande wa Mgeta, milimita 100 hivi kwa muda usiotimia saa 3. Ardhi iliporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu wawili, Paul Temple na Anders Rapp, waliukagua mlima kwa uangalifu, wakaona kwamba maporomoko karibu yote yalianzia katika mashamba na majani. Penye miti hayakufika hata 1 katika 100, maana mizizi huushika udongo. Basi mwalimu wa shule ya mlimani, aliyeukata mteremko ili apate uwanja sawa, asitazame uwanja tu. Atazame na ukingo ulio juu yake, kama una miti, na kama una nyufa baada ya mvua.

Tena misiba ya karibu zaidi yatuonya. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idi, watoto walijazana katika ukumbi mmoja wa starehe mjini Tabora. Hewa ikapungua, wakakanyagana, na wapatao 20 wakafa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, nyumba ya ghorofa 16 iliyokuwa ikijengwa Dar es Salaam ilianguka. Watu 36 walikufa, na miongoni mwa walioangukiwa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Mambo haya hayakufichwa chini ya ardhi: ukumbi uliojaa huonekana na kila apitaye mlangoni, na nyumba ndefu huonekana na mtaa mzima.

Basi twajifunza nini? Matombo yatufundisha kwamba ukaguzi usiosikiliza watu huzaa chuki. Tabora na Dar es Salaam zatufundisha kwamba mahali pasipo jicho la mkaguzi watoto hufa. Dawa ni kwamba ukaguzi uanze kwa wenyeji wenyewe. Kila mwanzo wa muhula mwalimu na wazee wawili watatu wauzunguke uwanja: watikise milingoti ya goli, wavute minyororo ya bembea, watafute mashimo, visima visivyofunikwa, mawe na vigae. Wakiona hatari, wawaondoe watoto kwanza. Kisha waiandike pamoja na tarehe, wapeleke barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa, wabaki na nakala, wala wasichoke kuuliza majibu.

Wengine huogopa kusema, wasije wakaitwa wachongezi. Lakini kuchongea ni kumtafutia mtu hatia, na kutoa habari ya hatari ni kumwepusha mtu na hatia. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja kucheza kuwa haki ya mtoto, tena yamtaka kila mwananchi ajuaye kwamba haki za mtoto zinavunjwa aiarifu serikali yake ya mahali.

Mlingoti uliooza huangushwa kwa shoka asubuhi moja, na mpya husimamishwa jioni yake. Mtoto aliyeangukiwa nao hana badala. Heri tuambiwe kwamba twasema sana, kuliko kunyamaza kisha tukakutana makaburini.