Fundisho la Lari

Mtu akitenda tendo kubwa, jema au baya, wenzake huuliza kwa nini. Swali ni fupi, lakini majibu yake ni mengi. Mganga hutafuta ugonjwa, hakimu hutafuta kosa, mhubiri hutafuta dhambi, na mwanahistoria hutafuta mambo yaliyotangulia. Kila mmoja ana jicho lake, wala hapana jicho lionalo pande zote. Hata hivyo kuchagua jicho si mchezo, kwa kuwa kila sababu huzaa dawa yake. Aliyesemwa mgonjwa hutiwa dawa, aliyesemwa mhalifu hutiwa gerezani, na aliyesemwa amedhulumiwa hustahili kusikilizwa. Historia ya Kenya ina usiku mmoja unaoonyesha neno hili waziwazi.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, miezi mitano baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, wapiganaji wa Mau Mau waliingia Lari, mahali palipo kaskazini-magharibi ya Nairobi. Walizizingira nyumba za Luka Wakahangara, aliyepata kuwa chifu, na za jamaa na wafuasi wake, wakazitia moto. Waliojaribu kutoka walikatwa kwa mapanga. Watu zaidi ya 70 waliuawa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kisha walinzi na askari wa upande wa serikali walilipiza kisasi, wakaua watu wengi zaidi. Habari za mauaji ya kwanza zilienezwa duniani pamoja na picha zake. Habari za kisasi zilinyamaziwa.

Ulimwengu ulishtuka, ukauliza kwa nini. Jibu lililopendwa na walowezi lilikuwa jepesi, kwamba watu wale wamerudi katika ushenzi. Serikali ilitaka jibu lenye sura ya elimu, ikamwita J. C. Carothers, daktari aliyekuwa ameisimamia kwa miaka zaidi ya kumi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1954 kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau kilipigwa chapa na serikali. Carothers hakukana kwamba watu walikuwa na malalamiko, lakini uzito wa hoja yake aliuweka katika nafsi za Wakikuyu. Aliwaona kama watu walioachwa na mila za zamani kabla ya kupokewa na ustaarabu mpya, wakawa wamejaa hofu na mashaka. Katika makala ya mwaka 1951 alikuwa amekwisha kuilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Yafaa tukumbuke kwamba watu aliowajua zaidi ni wagonjwa waliofungiwa hospitalini, naye akawapima watu wa bara zima kwa kipimo hicho.

Lakini Lari ilikuwa na habari nyingine, ambayo haikutaka daktari wa kuifumbua. Ilitaka mtu wa kuuliza wazee. Karibu na Limuru palikuwa na nchi iitwayo Tigoni, iliyokaliwa na Wakikuyu katikati ya mashamba ya walowezi. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 1934, ilishauri kwamba watu wa Tigoni waondolewe, wapewe badala yake ardhi ya Lari. Wengi walikataa. Kwa Mkikuyu shamba halikuwa mali ya kuuza na kununua tu, bali lilikuwa kiungo kati ya walio hai na wazee wao waliolala chini ya udongo ule. Jomo Kenyatta alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Luka alikubali kubadilishana, akahamia Lari pamoja na watu wake. Waliobaki wakikataa waliondolewa kwa nguvu, na baadhi yao hawakupata kitu. Kwa miaka zaidi ya kumi walimtazama Luka akilima na kuvuna, wakimhesabu kuwa ameuza kisichouzwa. Moto wa mwaka 1953 haukuwaka nyumba yoyote iliyotokea mbele. Ulichagua.

Tazama sasa jinsi kila jibu lilivyozaa dawa yake. Kwa kuwa Mau Mau iliitwa ugonjwa, waliokula kiapo walihesabiwa kuwa wameambukizwa, na makumi ya maelfu waliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa, watakaswe kwa kukiri na kwa kufanya kazi. Tangu mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, mpango ulioungwa mkono na Carothers. Mwisho wa njia hiyo ulionekana Hola, tarehe 3 Machi 1959, ambako watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa na walinzi hata wakafa, kwa kuwa walikataa kulazimishwa kazi. Kwanza serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Hata kifo chenyewe kilitafutiwa sababu isiyokuwa na mtendaji.

Wataalamu wengine walipinga elimu hiyo. Katika Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi Aro, Abeokuta, mwaka 1954. Wagonjwa wake walikaa vijijini pamoja na jamaa zao, kwa maana aliamini kwamba nafsi ya mtu haifahamiki ikitengwa na nyumba yake. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari katika Algeria, alimshambulia Carothers na wenziwe katika kitabu chake cha mwaka 1961, akionyesha kwamba walichokiita maumbile ya Mwafrika kilikuwa matunda ya kutawaliwa. Mwaka 1966 Carl Rosberg na John Nottingham, ambaye alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni katika Kenya, walitoa kitabu kilichoieleza Mau Mau kuwa tawi la siasa ya kudai haki.

Je, basi, ardhi ndiyo jibu zima? La. Walionyang'anywa Tigoni walikuwa wengi, lakini si wote walioshika panga. Mtoto aliyekufa katika moto wa Lari hakuwa amebadilishana shamba na mtu yeyote. Dhuluma hueleza hasira ilikotoka, lakini kati ya hasira na tendo pana nafasi ndogo ambayo mwanadamu huchagua. Anayesema kwamba historia ndiyo iliyoua humnyima mtendaji utu wake sawasawa na anayesema kwamba ugonjwa ndio ulioua. Kufahamu si kusamehe, wala kuhukumu si kufahamu. Ni kazi mbili, na ya kwanza yapasa itangulie.

Fundisho hili halikupitwa na wakati. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya, na wengi nje ya nchi walisema ni chuki ya makabila ya tangu kale. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilichunguza mwaka 2008, ikataja mengine: migogoro ya ardhi, vijana wasio na kazi, na wanasiasa waliozoea kutumia fujo bila kuadhibiwa. Neno chuki lilikuwa limefunga mlango ambao uchunguzi uliufungua.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wasema wahenga. Mwanafunzi wa historia hawezi kulala kaburini, lakini aweza kuuliza. Akisikia kwamba watu fulani wametenda ubaya kwa sababu ndivyo walivyo, na aulize kwanza walikuwa wakiishi wapi, ni nani aliyewahamisha, na ni nani aliyefaidika. Kisha aulize ni nani kati yao aliyekataa kutenda ubaya ule, na kwa nini. Maswali hayo hayatawafufua waliokufa Lari. Lakini yamkini yatamzuia asiwape walio hai jina la ugonjwa wasiokuwa nao.