Mpira: miguuni umefika, ukutani bado

Wandugu, kuna swali linanizunguka kichwani siku nyingi: kwa nini tairi kuukuu limeishia miguuni mwetu tu?

Katambuga kila mtu Usukumani anazijua. Fundi hayeyushi tairi, analichonga kwa kisu. Sababu inaanzia mwaka 1839, Mmarekani Charles Goodyear alipopika mpira pamoja na salfa. Mpira ukishaiva hivyo haurudi tena kuwa uji. Utaukata au utausaga, basi.

Sasa twende Ushetu, halmashauri iliyomegwa kutoka Kahama mwaka 2012. Nyumba za huko ni hadithi ya udongo na miti. Zamani zilikuwa fito na udongo, baadaye yakaja matofali. Mwaka 1977, katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, Mwalimu Nyerere aliwashangaa watu wanaosubiri bati na saruji, "udongo wa Ulaya", wakati matofali ya kuchoma wanaweza kuyatengeneza wenyewe.

Matofali ya kuchoma kweli yakashika. Ila tanuru linakula kuni, na tumbaku ya Ushetu nayo hukaushwa kwa kuni. Mkoa wa Shinyanga ulishakuwa na upara kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha miti kwa kufufua ngitili. Kilichookoa mfuko wa mjenzi kililipiwa na msitu.

Hapa ndipo naliona tairi. Huko New Mexico, Marekani, msanifu majengo Michael Reynolds amejenga kuta za matairi yaliyoshindiliwa udongo na kupigwa plasta tangu miaka ya 1970. Hakuna tanuru wala kuni. Njia nyingine ni kusaga mpira na kuuweka kwenye zege badala ya sehemu ya mchanga. Tofali linakuwa jepesi na halivunjiki ghafla, lakini uwezo wa kubeba mzigo unapungua, hivyo linafaa zaidi kugawa vyumba.

Matairi hayakosekani. Kahama ni njia ya malori ya Rwanda na Burundi.

Mimi naona kikwazo kikubwa ni heshima. Nani anataka mkwe asikie nyumba imejengwa kwa takataka? Lakini hata tofali la kuchoma lilidharauliwa mwaka 1977. Mliosoma uhandisi, mnasemaje?