Mpingo katika ala za muziki

Mpingo (Dalbergia melanoxylon) ni mti wa miombo ambao kiini chake cheusi hutengenezewa klarineti, obo na zumari za Uskoti. Nchini Tanzania huota Lindi na Mtwara, na pia mkoani Morogoro. Gogo lake huzama majini. Kiini kina mafuta asilia, na fundi akikikereza vizuri hupata tundu laini lisiloharibiwa upesi na unyevu wa pumzi ya mpigaji. Kwenye fidla, mpingo hutumika kwa vigingi vya kukazia nyuzi, na pengine ubao wa vidole. Kifua na mgongo ni vya miti mingine, ya Ulaya.

Shida kubwa ni muda. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, tena shina lake hupinda na kuota mafundo, hivyo sehemu kubwa ya gogo haifai kwa ala. Katika Bonde la Kilombero tofauti iko wazi: Kilombero Valley Teak Company, iliyoanzishwa mwaka 1992, hupanda misaji inayovunwa baada ya miongo michache. Anayepanda mpingo huwapandia wajukuu. Ndiyo maana karibu mpingo wote sokoni bado hutoka misitu ya asili.

Jibu moja lilitoka Ufaransa katika miaka ya 1990. Kampuni ya Buffet Crampon ilianza kusaga mabaki ya mpingo, kuchanganya unga huo na nyuzi kidogo za kaboni na gundi, kisha kuushindilia uwe vipande vigumu. Fundi huvikereza kama mbao, lakini havipasuki hali ya hewa inapobadilika. Njia hii inastahili sifa kuliko ile ya kutengeneza fidla na cello nzima kwa kaboni, kwa sababu inaokoa kilichokuwa kikitupwa.

Tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2019 ala zilizokamilika zilisamehewa, magogo na mbao hazikusamehewa. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, vikauza mpingo wa misitu yao wenyewe. Hata hivyo, mpingo mwingi wa Tanzania husafirishwa ukiwa vipande vilivyopasuliwa tu, na ukerezaji wenye malipo makubwa hufanyika ng'ambo.