Chumba cha Sanaa na Waliotutangulia



Mhariri amenitaka niandike habari za sanaa ya uchoraji katika Afrika Mashariki, na akanionya nisiwachoshe wasomaji. Nitajaribu. Lakini kabla ya kufika Makerere na London sina budi kuanzia kwenye kile chumba cha mwisho nyuma ya bwalo, chenye madirisha mawili yanayotazama migomba, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikubali kushika kalamu. Katika kikao cha kamati kilichopita palitolewa wazo kwamba ukuta wake wa kati ubomolewe, kiunganishwe na stoo na kuwa chumba cha kompyuta. Mimi si adui wa kompyuta. Nataka tu, kabla hatujapiga kura siku ya mkutano wetu, kila mmoja ajue ni kazi gani iliyofanyika humo na ilitoka wapi.

Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1975. Wakati huo somo la sanaa lilikuwa na vipindi viwili kwa juma. Rangi zilikuwa za unga, tukizikoroga katika makopo ya maziwa. Burashi zilikuwa 7 kwa wanafunzi 32, na karatasi za manila zilipokwisha tulipasua mifuko ya saruji na kuchora upande wa ndani. Wenzetu wa michepuo mingine walituita "wapaka chokaa", maana kila sherehe ilipokaribia sisi ndio tuliotumwa kupaka mawe ya njia. Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa amesoma Makerere katika miaka ya 1950, na hakuna somo aliloanza bila kututajia Mama Trowell.

Huyo Margaret Trowell alikuwa Mwingereza aliyesomea sanaa katika chuo cha Slade, London. Alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake mjini Kampala mwaka 1937, akiwa na wanafunzi wachache. Mwaka 1938 kazi zao zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zilipelekwa London na kuonyeshwa katika Imperial Institute. Fikirini jambo hilo. Watu walikuwa wakisema waziwazi kwamba Mwafrika hana mkono wa kuchora, na miaka miwili tu baada ya darasa la barazani picha zikavuka bahari. Baraza ile ndiyo iliyozaa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo inabeba jina la mama huyo.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu kidogo. Hakuweka picha ya Kizungu mbele ya wanafunzi ili waige. Aliwasimulia jambo kwa maneno, pengine kisa cha Biblia, pengine shughuli za kijijini, kisha akawaacha wafumbe macho waone wenyewe ndipo wachore. Alipostaafu mwaka 1958 akaja Cecil Todd, naye akageuza mambo: wanafunzi wasome historia ya sanaa ya dunia nzima, wajue kanuni za rangi, watazame kazi za Ulaya bila hofu. Wasomi wamebishana sana juu ya hawa wawili. Mimi naona Todd alikuwa na haki kusema kwamba kijana wa Kiafrika asifungiwe dirisha la dunia. Lakini kama Trowell asingetangulia kuwafanya waamini macho yao, dirisha hilo lingewameza.

Tazama walivyotoka. Gregory Maloba wa Kenya alichonga mti ule uitwao "Kifo" mwaka 1941, na mwaka 1962 akafanya ile sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala, ya mama anayemwinua mtoto juu. Rosemary Karuga, naye wa Kenya, alisoma pale kuanzia mwaka 1950, akiwa mwanamke wa kwanza. Habari zake nitazirudia.

Na yuko wa kwetu mlimani, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Huyu alisoma Makerere, akafundisha hapo hapo, akaenda Slade, kisha Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 akateuliwa kuwa Balozi wetu wa kwanza London. Katika picha zake utaona migomba, vihamba, watu wakikata miti, watu wakienda sokoni. Mojawapo, aliyoichora mwaka 1956, inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Jumba la sanaa za kisasa la New York, Museum of Modern Art, liliinunua mwaka 1960. Mwalimu alipotueleza hayo darasa zima lilicheka. Mbege, iende Marekani ikatundikwe ukutani! Mimi nilicheka pia, lakini usiku ule bwenini sikupata usingizi upesi. Ile njia ya mbege niliijua. Nilikuwa nimeipita mara nyingi na taa ya chemli, nyuma ya wajomba zangu.

Mwaka 1976 tulipata mgeni, mchoraji aliyesoma pamoja na mwalimu wetu. Jina lake sitalitaja kwa sababu hakupenda kuandikwa. Alikaa nasi siku tatu. Siku ya kwanza alipita mezani kwa kila mmoja. Mimi nilikuwa nimemaliza simba, na nilijua kwamba ni simba mzuri, kwa kuwa hata Mkuu wa Shule alikuwa amemsifu. Mgeni akamtazama muda mrefu.

"Kijana, huyu simba umemwona wapi?"

"Kwenye kalenda, mwalimu."

"Basi aliyemwona ni mwenye kalenda. Wewe umeona nini?"

Nilikasirika mno. Kesho yake asubuhi, kwa hasira hiyo hiyo, nilimchora mama yangu akiwa ameinama katika kihamba, akikusanya majani ya ng'ombe, na mzigo wake ukiwa mkubwa kuliko nyumba. Mizani yote ilikuwa mibaya. Mgeni akaichukua, akaibandika ukutani, akasema mwezi wa Aprili mwaka utakaofuata atakuja kuchukua wanafunzi wawili awapeleke Nairobi wakaone Paa ya Paa. Mmoja angekuwa mimi.

Vijana wa sasa huenda hamjui Paa ya Paa ni nini. Ni jumba la sanaa lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, na aliyekuwa nguzo yake ni Elimo Njau, mtoto wa Marangu, mwanafunzi mwingine wa Makerere. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: yule paa mnyama, naye anapaa. Njau ndiye aliyechora ukutani katika kanisa la kumbukumbu kule Murang'a picha 5 kubwa za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani. Watu wote humo ni Waafrika na nchi ni ile ile ya Murang'a. Nyumbani Marangu alifungua jumba la Kibo. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba msanii asiige. Nilipolisikia nikajua mgeni wetu alikotoa swali lake la simba.

Basi tukangoja Aprili. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana, CCM ikazaliwa, na wapaka chokaa tulikuwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote: vitambaa, mabango, na picha ndefu ya ukutani ndani ya bwalo yenye wakulima na wafanyakazi. Mwezi huo huo mpaka wa Kenya ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo. Hapana haja ya kurudia sababu zake hapa. Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu: Nairobi, ambayo basi liliifikia kwa siku moja, ikawa mbali kama New York. Mgeni wetu hakurudi. Makerere nayo ilikuwa chini ya Amin, na mwaka 1978 nilipokuwa nikijitayarisha kwa mtihani wa Kidato cha Nne vita vya Kagera vikaanza.

Nilimwambia baba kwamba nataka kusomea uchoraji. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Mwanangu, picha hupikwa kwa muda gani?" Sikuwa na jibu, na kusema kweli swali lake lilikuwa la haki. Ada ya wadogo zangu ilitoka kwenye kahawa. Nikachaguliwa ualimu, nikaenda Butimba, Mwanza, chuo kilichokuwa kikifundisha walimu wa sanaa, na nimekula mkate wa chaki mpaka nilipostaafu.

Hapa niwakiri jambo. Kwa miaka mingi nilizidharau picha za Tingatinga. Niliziona Dar es Salaam wakati wa likizo, nikasema hizi ni za kuwauzia watalii. Nilijiona mrithi wa Makerere! Baadaye nikasoma maisha ya Edward Saidi Tingatinga, nikaona haya. Alikuwa mtu wa Tunduru, hakusomea sanaa popote. Alikuja Dar es Salaam kutafuta kibarua, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Aliwafundisha ndugu na jamaa zake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakimdhania mwizi, akafa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Alichora kwa miaka 4 tu. Wale aliowaachia burashi wakaendelea, wakaunda chama chao cha ushirika mwaka 1990, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Ni kweli kwamba wengi huiga, na Njau angewakemea. Lakini watoto wao wamesoma kwa picha hizo, na swali la baba yangu wao walilijibu.

George Lilanga naye alianza kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kama mlinzi. Alikuwa Mmakonde mwenye mkono wa kuchonga. Kutoka mlangoni akaingia ndani, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Mwaka huo mimi nilikuwa nikilia kwamba njia zote zimefungwa.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwaka 1985 nikapanda basi na picha ya mama niliyoichora upya, imekunjwa ndani ya kanga, nikafika Paa ya Paa, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kiambu. Nilikaa hapo siku nzima nikitazama. Picha yangu sikuifungua. Hadi leo sijui kama ilikuwa adabu au woga. Mwaka 1997 moto uliteketeza jumba lile pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, na wenyewe wakaanza tena kujenga juu ya majivu.

Rosemary Karuga, niliyeahidi kumrudia, alitoka Makerere akawa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, bila nafasi kubwa ya kazi yake mwenyewe. Alikuwa anakaribia miaka 60 alipopewa mahali pa kufanyia kazi hapo Paa ya Paa, mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakuwa na fedha za rangi. Alichana karatasi za sabuni na za unga wa ugali, akazibandika hata zikawa watu, kuku na vijiji, na kazi hizo zikafika Paris na London. Alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Tangu nilipoyajua hayo nimeacha kusema kwamba nimezeeka, na nimenunua burashi.

Vijana wawili wa Kidato cha Tatu wameniandikia kuuliza kama uchoraji una kazi. Jibu langu ni hili. Ziko kazi za mabango, za vitabu vya shule, za vitambaa, za ramani na michoro ya majengo, na sasa za michoro ya kompyuta, ambazo nazo zinataka mkono na jicho. Zote ni za mashindano makali, na wengi watahitaji kazi nyingine ya kushikilia. Msimdanganye baba. Lakini kabla ya yote hayo lazima mtu apate mahali pa kuharibu karatasi mia moja bila kuchekwa, na hapo shuleni mahali hapo ni chumba kimoja tu. Kompyuta zaweza kuwekwa kwenye maabara ya zamani ya jiografia, ambayo ina umeme tayari. Nimeipima mwenyewe kwa hatua: ni kubwa kuliko chumba cha sanaa na stoo pamoja.

Siku ya mkutano nitakifungua chumba saa mbili asubuhi, kabla ya hotuba na kabla ya mpira. Mwenye picha ya miaka ile ailete. Ile yetu ya mwaka 1977 ya ukutani bwaloni ilipakwa chokaa zamani, isipokuwa kipande kimoja nyuma ya kabati kubwa la vyombo, ambapo mpakaji hakujisumbua kulisogeza. Nimechungulia na tochi: ni mkulima mmoja na nusu ya jembe. Kulisogeza kabati hilo kunataka watu wanne, na mimi mgongo hauniruhusu.